Laredo mpaka Oaxaca kwa gari lako: ushuru, matuta na indiketa ya kushoto

Swali: "Mimi na mume wangu tunaishi Houston na watoto wetu wawili, wa miaka 8 na 12. Desemba tuna wiki mbili za mapumziko, na tunataka kwenda Mexico kwa gari letu, Toyota Highlander ya 2018 ambayo bado tunailipia mkopo. Tungependa kuona Guanajuato, San Miguel de Allende na Oaxaca, tumalizie baharini Puerto Escondido. Nilijifunzia gari Tanga, na hapa Marekani nimeendesha miaka 9. Sisi wazazi ni wakazi wa kudumu wenye pasipoti za Tanzania, watoto ni raia wa Marekani. Wenzetu kazini wanatutisha sana. Barabara zikoje, na tujiandae vipi?"

Jibu:

Dada, safari inawezekana, na ni safari nzuri. Nimeiendesha njia hiyo kutoka Texas mara nyingi, na nianze na jambo ambalo wenzako kazini hawawezi kulijua: miaka uliyoendesha Tanga itakufaa Mexico kuliko ile 9 ya Houston. Aliyezoea barabara za Texas pekee hushtushwa na tuta lisilo na kibao, mbuzi kando ya lami, lori lililokufa njiani likiwa limewekewa matawi nyuma kama onyo, na wauza matunda wanaosimama pale pale gari linapolazimika kupunguza mwendo. Wewe hayo umeyaona kati ya Segera na Chalinze. Lakini yapo mazoea ya nyumbani ambayo kule yatakugeuka, na moja lao linaua. Nitalieleza kwa kirefu tukifika hapo.

Kwanza tuipime safari yenyewe. Houston mpaka Laredo ni kama kilomita 500. Laredo mpaka Saltillo ni zaidi ya 300, Saltillo mpaka San Luis Potosí kama 450, na kutoka hapo mpaka Guanajuato au San Miguel ni kama 200. San Miguel mpaka Puebla ni karibu 400, Puebla mpaka Oaxaca kama 340. Kwenda peke yake kunapita kilomita 2,000 kabla hujaiona bahari. Kwa mwendo ninaokushauri, yaani mchana tu, siku kama 10 kati ya 14 zitakuwa na kipande cha barabara ndani yake. Kwa hiyo chagueni. Ama Guanajuato, San Miguel na Oaxaca, ama mkimbilie Oaxaca na Puerto Escondido mkiiacha Guanajuato. Mimi ningechukua la kwanza. Watoto watakumbuka mji wa Guanajuato wenye barabara zake ndani ya mahandaki ya chini ya ardhi, na bahari wanaijua.

Tuje kwenye makaratasi, maana safari nyingi huharibikia hapo kabla tairi halijavuka mto. Pasipoti ya Tanzania kwa kawaida inahitaji viza ya Mexico, lakini mkazi wa kudumu wa Marekani ameruhusiwa kuingia bila viza akiwa na pasipoti hai na kadi yake ya ukazi. Bebeni zote mbili, kadi halisi wala si picha kwenye simu. Watoto wawe na pasipoti zao. Mpakani mtajaza fomu ya uhamiaji inayoitwa FMM. Wanaokaa siku 7 au pungufu hawailipii, nyinyi mtailipia. Mwambieni ofisa idadi ya siku mnazohitaji, kisha msome alichoandika kabla ya kuondoka dirishani, kwa sababu muda wa kibali cha gari hufuata muda wa fomu hiyo.

Kibali cha gari ndicho kinachowachanganya wengi. Ukivuka ukanda wa mpakani, ambao ni kilomita kama 20 hivi, gari la kigeni lazima liwe na kibali cha kuingia kwa muda, na kinatolewa na benki ya jeshi iitwayo Banjercito. Mnalipa ada isiyorudi na mnaweka dhamana inayorudi. Kwa gari la kuanzia 2007 dhamana ni dola 400. Mnaweza kukiomba kwa intaneti kuanzia siku 60 mpaka 7 kabla ya safari, na kwa Desemba nawashauri mfanye hivyo, maana foleni ya dirishani wiki ya kabla ya Krismasi ni ya kulia. Watataka kadi ya gari, leseni, pasipoti, fomu ya uhamiaji, na kwa kuwa gari lina mkopo, barua ya benki au kampuni iliyowakopesha inayoruhusu gari litoke Marekani. Iombeni barua hiyo mwezi mzima kabla. Jina la mwenye kibali liwe la mmoja wenu ambaye jina lake liko kwenye kadi ya gari, na mtu asiye wa familia asiliendeshe gari mwenye kibali akiwa hayumo.

Bima ya Marekani kule haihesabiki kama bima ya mtu wa tatu. Nunueni bima ya Mexico kabla ya kuvuka, na msichukue ile ya bei ya chini kabisa. Chukueni bima kubwa, yenye fidia kwa watu wengine isiyopungua dola 300,000, na muhakikishe ndani yake kuna msaada wa mwanasheria na dhamana. Sababu ni hii: ajali ikimjeruhi mtu, polisi wa Mexico wanaweza kuwashikilia madereva mpaka ijulikane nani ana kosa na nani atalipa. Ukiwa na bima yenye dhamana, mambo hayo humalizwa na wakala wa bima, anaitwa ajustador, ambaye huja mwenyewe mahali pa ajali. Mpigieni kabla hamjasaini chochote wala kukubaliana na mtu yeyote kando ya barabara. Namba yake iandikeni kwenye karatasi, ikae kwenye kipochi cha gari, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuvunjika.

Na kwa kuwa mnaishi Texas: kagueni gari lote, chini ya viti, mifuko ya milango, mabegi ya zamani. Risasi moja iliyosahaulika ni kosa zito la jinai Mexico, hata kama hakuna bunduki. Kama mume wako au rafiki aliyewahi kuazima gari huenda kulenga shabaha, fanyeni ukaguzi huo mara mbili.

Sasa mpaka wenyewe. Nuevo Laredo uko jimbo la Tamaulipas, ambalo serikali ya Marekani imeliweka kwa miaka mingi kwenye daraja la juu kabisa la tahadhari, na mwaka 2021 watu wengi waliripotiwa kupotea kwenye barabara ya Nuevo Laredo na Monterrey. Sitakupunguzia uzito wa jambo hilo. Ninachofanya mimi ni kulala Laredo upande wa Marekani, kuamka mapema, na kuvukia Daraja la Colombia lililo kaskazini-magharibi ya mji. Daraja hilo linakuingiza moja kwa moja jimbo la Nuevo León bila kupita ndani ya Nuevo Laredo, na Banjercito ipo pale pale. Tangi liwe limejaa tangu Texas, watoto wawe wameshakula na kwenda msalani, na usisimame kwa jambo dogo mpaka ukaribie Monterrey. Kila Desemba maelfu ya familia za Wamexico waishio Marekani hurudi nyumbani kwa njia hii, magari yamepakiwa baiskeli na majokofu juu, na wengine husafiri kwa msafara kutoka Laredo mpaka Jalpan katika jimbo la Querétaro. Barabara yenye watu wengi mchana ni rafiki yako. Forodhani utakuta taa: ikiwaka ya kijani unapita, ikiwaka nyekundu mnakaguliwa mizigo. Nyekundu si shutuma, ni bahati nasibu tu.

Msilale Monterrey. Ni mji mkubwa wenye foleni za kuchosha. Ipo barabara ya mzunguko ya kulipia inayoupita kwa nje mpaka njia ya Saltillo, na Saltillo ni mji wa kulala vizuri, wenye hewa ya baridi kwenye mwinuko wa kama mita 1,600.

Barabara kuu za Mexico ni za aina mbili, na maneno mawili haya yajue hata kwa usingizi: cuota na libre. Cuota ni ya kulipia, na namba yake huishia na herufi D, kama 85D, 57D au 135D. Libre ni ya bure. Mara nyingi zote mbili zinakwenda mji uleule, na kibao kwenye njia panda kinakupa nafasi fupi ya kuchagua. Lipia. Nasema hivi nikijua kwamba ushuru wa Mexico si mdogo, na ukijumlisha kwenda na kurudi utauona kwenye bajeti. Lakini ya bure inapita kila kijiji, kila shule, kila gulio, na saa mbili zako zinageuka saa nne na nusu. Tena ile risiti ndogo unayopewa kwenye kibanda cha ushuru ni bima ya mtumiaji wa barabara, kwa hiyo usiitupe mpaka umefika. Ipo programu ya wizara inayohusika na barabara iitwayo Traza tu Ruta. Ukiandika miji miwili inakuonyesha vibanda vyote na bei zake, na hapo mtajua mbebe peso kiasi gani. Bebeni noti ndogo na sarafu. Kadi hazikubaliwi kila kibanda, na dola za Marekani msizitegemee.

Kuna vipande ambapo ya bure ni nzuri tu. Barabara ya 57 kati ya Matehuala na San Luis Potosí ni ya njia nne, iliyogawanywa katikati, inayokata jangwa la mimea ya yuka, na kusini kidogo ya Matehuala unavuka Tropiki ya Kansa. Waambieni watoto: kutoka hapo mmeingia ukanda wa joto, uleule ulio na Tanga. Ubaya wa 57 ni malori. Ndiyo barabara ya mizigo kati ya viwanda vya katikati ya nchi na mpaka, na mengi yanavuta matela mawili. Mlima wa kuuogopa ni ule wa Los Chorros, karibu na Arteaga, mashariki ya Saltillo. Mkija kusini mnaupanda. Mkirudi ndipo mtakuwa mnateremka pamoja na malori, na malori yaliyoishiwa breki pale yamesababisha ajali nyingi. Asubuhi za Desemba huweza kuwa na ukungu, hata barafu kwenye lami. Uendeshe kama unavyoendesha Kitonga: gia ndogo tangu juu, nafasi kubwa nyuma ya lori, na jicho kwenye kioo. Ukiona mstari mwekundu umechorwa kwenye lami, unaelekea kwenye njia ya kokoto ya kunasia malori yaliyokosa breki. Usisimame juu ya mstari huo hata kidogo, hata kwa kupiga picha.

Matuta huitwa topes. Hapa utacheka, kwa sababu utajiona umerudi nyumbani. Kuna ya zege, ya lami, ya vichwa vya chuma vilivyopangwa mstari, na rasta wanazoziita vibradores. Yako mwanzo wa kijiji, katikati ya kijiji, mwisho wa kijiji, na mbele ya nyumba ya mtu aliyeamua tu kulijenga. Mengi hayana rangi. Dalili ya kuaminika ni ileile ya Segera: ukiona wachuuzi wamesimama katikati ya barabara hawana wasiwasi, kuna tuta. Ukiona kibao cha Poblado próximo, kijiji kiko mbele, ondoa mguu kwenye mafuta hapo hapo.

Na sasa lile linaloua. Kwetu lori la mbele likiwasha indiketa ya kushoto, dereva wake anakuambia njia ni nyeupe, pita. Akiwasha ya kulia anakukataza, kuna gari linakuja. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo taa inayowaka upande wa ukingo ni ruhusa na taa inayowaka upande wa katikati ya barabara ni katazo. Mexico nako, kwenye barabara za njia mbili, dereva wa lori huwasha ya kushoto kukuruhusu upite. Neno ni lilelile, kushoto, lakini kule gari liko upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo taa ya ruhusa inawaka upande wa katikati. Jicho lako la Tanga, lililozoea kusoma ukingo na katikati bila kufikiri, litaisoma kinyume. Ukiona taa ya upande wa ukingo inawaka ukadhani umeruhusiwa, kumbe mtu anataka kusogea kando asimame. Na hata ukijifunza vizuri kwamba ya kushoto ni ruhusa, taa hiyohiyo pia ndiyo ya mtu anayekata kona kushoto kuingia shambani kwake. Ukianza kumwovateki wakati anakata, mnakutana mlango kwa mlango. Miaka 9 ya Houston haikukufundisha hili kwa sababu barabara kuu za kule zimegawanywa na hakuna anayezungumza kwa taa. Ushauri wangu ni kwamba usiiamini indiketa ya mtu yeyote. Itazame kama uvumi, kisha usogee uone mbele kwa macho yako mwenyewe. Usipoona, baki nyuma ya lori. Mume wako akiwa kwenye usukani, mkumbushe jambo hili kila asubuhi.

Taa kubwa nazo zina maana yake. Kwetu mtu akikuwashia inaweza kuwa trafiki yuko mbele, au anakukaribisha upite. Mexico, mnapokaribiana kwenye daraja jembamba lenye kibao cha Puente angosto, anayewasha kwanza anasema ninakuja mimi, ngoja. Unalikumbuka daraja la zamani la Wami? Fikiria hapo, halafu aliyewasha taa ndiye mwenye daraja. Taa nne za tahadhari zikiwaka kwenye magari ya mbele barabara kuu, kuna foleni ya ghafla. Punguza, nawe uwashe zako kumwonya wa nyuma.

Kati ya Puebla na Oaxaca, barabara ya 135D ni ya kulipia lakini sehemu kubwa ina njia moja kwenda na moja kurudi, yenye kingo pana za lami. Madereva wa kule huigeuza kuwa njia tatu: anayekwenda polepole husogea kulia nusu ya gari ikiwa ukingoni, mwenye haraka hupita katikati, na wa mbele naye husogea ampishe. Ukiwa hujazoea utadhani wote wamerukwa na akili. Fanya kama wao, sogea ukingoni, waache wapite, uendelee kutazama milima. Mnapita kwenye bonde la Tehuacán na Cuicatlán, lililoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2018, na ile misitu ya dungusi kakati warefu kama nguzo za umeme ni jambo la kulisimamia mahali penye nafasi salama.

Kukata kona kushoto barabara kuu isiyogawanywa, wenyeji hawasimami katikati ya njia. Husogea ukingoni kulia, husubiri pande zote mbili ziwe tupu, kisha hukata. Ni salama zaidi, jifunze. Kwenye zilizogawanywa tafuta kibao cha Retorno, ugeuzie hapo.

Usiku usiendeshe. Hata saa moja tu, hata kama hoteli iko kilomita 40 mbele. Ng'ombe hulala kwenye lami yenye joto, mashimo hayaonekani, lori bovu halina taa, na wahalifu wanaoteka magari huutaka usiku huo huo. Desemba jua la Mexico ya kati linazama karibu saa 12 jioni, kama nyumbani. Panga kila siku iishie saa 10 alasiri, ili pancha au foleni ikikula saa moja na nusu bado uwe na mwanga.

Mji wa Mexico msiingie na gari. Tangu 1989 kuna utaratibu uitwao Hoy No Circula, unaozuia magari kwa siku kulingana na tarakimu ya mwisho ya namba, na magari ya namba za kigeni yana vizuizi vya ziada vya asubuhi. Foleni nayo ni adhabu tosha. Kutoka Querétaro chukueni barabara ya kulipia iitwayo Arco Norte, inayouzunguka mji kwa kaskazini mpaka karibu na Puebla. Mkitaka kuuona mji wenyewe, liacheni gari Querétaro kwenye maegesho ya kulaza magari, yanaitwa pensión, mpande basi. Mabasi ya daraja la kwanza ni mazuri sana, na safari ni kama saa tatu. Guanajuato nako egesheni nje ya katikati ya mji mara mkifika. Ndani ya yale mahandaki ramani ya simu hupotea, na mitaa ya juu ni ya miguu na punda.

Sheli za Mexico zina wahudumu, hujazi mwenyewe. Mafuta huuzwa kwa lita, Magna ni ya kijani na Premium ni nyekundu. Highlander yako inatosheka na Magna. Shuka garini, itazame pampu mpaka isome sifuri, ndipo useme lleno, yaani jaza. Mara moja, kusini ya Matehuala, mhudumu mmoja alinichangamkia kwa maswali ya natoka wapi huku mwenzake akianza kujaza juu ya hesabu ya mteja aliyetangulia. Tangu siku hiyo nasimama pembeni ya pampu, nasalimia kwa heshima, na sijaonewa tena. Wahudumu wengi ni watu wema wanaoishi kwa bakshishi, kwa hiyo waachie peso chache, hasa akifuta kioo. Pancha ikitokea tafuteni kibao cha Vulcanizadora au Llantera, mara nyingi ni tairi kuukuu limening'inizwa kando ya barabara, kama kwetu. Gari likiharibika kwenye barabara kuu, pigeni 078, ni Ángeles Verdes, mafundi wa serikali wanaozunguka na magari ya kijani kuwasaidia wasafiri tangu 1960. Kazi yao haina malipo, mnalipia vipuri na mafuta tu. Dharura nyingine ni 911.

Polisi. Barabara kuu za shirikisho ziko chini ya Guardia Nacional, iliyoundwa 2019, na wengi wao hawatawasumbua. Wa mijini ndio hutafuta chai. Akikusimamisha kwa kosa usilolijua, zima injini, salimia, ongea polepole, na usitoe hela kwanza. Mwombe akuandikie boleta, karatasi ya faini, ukalipe ofisini. Hakuna haraka, hiyo ndiyo silaha yako: mwenye kutaka chai hana muda wa kungoja.

Kuna jambo moja vitabu vya watalii havikuandikii, kwa sababu haviandikwi kwa ajili yetu. Nyinyi ni familia ya Waafrika. Kusini ya Mexico ni njia ya wahamiaji wanaoelekea Marekani, na wamo Wakongo, Wakameruni na Waangola. Mwaka 2019 mamia yao walikwama Tapachula wakidai karatasi za kupita. Kwa hiyo kwenye vizuizi vya uhamiaji, na hasa mkisafiri kwa basi, mtaombwa karatasi wakati abiria wengine wanapita. Inauma, na watoto wataona. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Mexico iliamua kwamba ukaguzi wa namna hiyo ndani ya nchi unakiuka katiba, katika kesi ya vijana watatu wenyeji wa Chiapas, raia kamili, waliozuiwa kwa sura zao tu. Vizuizi bado vipo. Pasipoti, kadi na fomu ya FMM viwe mkononi mwa aliyekaa kiti cha mbele, wala visiwe ndani ya begi nyuma. Jibu fupi linatosha: turistas, kisha utaje mnakokwenda. Waambieni watoto mapema kwamba hilo litatokea na kwa nini, lisiwakute ghafla. Na muwaambie pia kwamba Mexico ina watu wake weusi, zaidi ya milioni 2.5 kwa sensa ya 2020, wakiwemo wengi wa pwani ya Oaxaca na Guerrero na kule Veracruz, na kwamba tangu 2019 katiba inawatambua.

Vizuizi vya jeshi ni tofauti. Askari watauliza mnatoka wapi na mnakwenda wapi, pengine wafungue buti. Shusheni vioo, vueni miwani ya jua, msipige picha. Oaxaca mtakuta kizuizi cha aina nyingine, cha wananchi: walimu, wanakijiji wenye dai lao, kamba imevutwa barabarani, au kibanda cha ushuru kimekaliwa na vijana wanaodai kiasi fulani badala ya ushuru. Lipeni, mpite. Kama barabara imefungwa kabisa, msitafute njia ya vichochoro kwa ramani ya simu. Rudini mji wa nyuma mle, mngoje, kwa kawaida hufunguliwa baada ya saa kadhaa.

Kama bado moyo uko Puerto Escondido, njia ni moja tu: barabara mpya iliyofunguliwa Februari 2024, kilomita 104 za kupasua milima, iliyoteremsha safari kutoka saa 6 mpaka karibu saa 3. Ile ya zamani ya 175 ina kona za Lushoto zilizozidishwa mara tano, na mtoto wa kiti cha nyuma atatapika. Desemba ni kiangazi, hivyo maporomoko ya udongo ni machache kuliko miezi ya mvua.

Mkirudi, kabla ya kupanda daraja kuingia Laredo, simameni Banjercito. Ofisa atalisoma namba ya chesisi, atakifuta kibali na kuwapa risiti, na zile dola 400 zitarudi. Watu wengi huliona daraja, huiona foleni ya kuingia Marekani, husema nitafanya siku nyingine. Muda wa kibali ukipita, dhamana imekwenda, na gari hilo halitapewa kibali kingine mpaka kesi iishe. Fikeni hapo kabla ya saa 6 mchana, mwache mume wako na watoto garini, na wewe ushuke na makaratasi yote.